Mkono Wangu na Kengele ya Injini

Jumatatu, 5 Machi 1956

Gisenyi hadi Kibuye na kurudi. Mawimbi madogo mbele ya Nyamyumba. Jioni, daktari wa kampuni. Marubani wa boti waliopita miaka sitini lazima wapimwe. Akanitajia maneno matano. Baadaye nikakumbuka matatu. Akaachia rula ianguke, niidake. Niliidaka mwishoni kabisa. Ameandika kwamba mkono umechelewa na kumbukumbu imepungua. Meneja ataamua Jumamosi kama nibaki kwenye usukani.

Upuuzi. Nilitoka Ujiji kijana, nikaliacha ziwa langu, nikajifunza hili mwamba kwa mwamba. Sitaliacha la pili kwa sababu ya rula.

Jumatano, 7 Machi

Mastaki, fundi wangu wa injini, yuko msibani Goma. Wamenipa Bosco badala yake. Mimi niko juu kwenye usukani, fundi yuko chini ambako haoni kitu. Tunasemezana kwa kengele. Moja, mbele. Mbili, simama. Tatu, nyuma.

Tulipokaribia gati la Gisenyi nilipiga tatu. Boti ikaenda mbele. Pua ikagonga gati, magunia ya viazi vya Mudende yakaanguka majini. Hakuna aliyeumia.

Nilimfokea Bosco mbele ya abiria. Akasema, "Muzee, umepiga moja! Mi nimefanya vile ulisema."

Mwongo. Au kiziwi.

Ijumaa, 9 Machi

Mastaki amerudi. Nilimsimulia ya Jumatano ili tumcheke Bosco pamoja. Hakucheka.

"Muzee, tangu mvua ilianza we unapiga kengele sawa mutu anafukuza mbuzi. Mi nasikia mwendo wa boti, najua tumefika wapi, nafanya ile unataka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie, halafu unitupe mu maji?"

Nilimwita mnafiki. Nikaondoka bila kuaga. Nyumbani Mbugangari nilikaa kitandani nikiutazama mkono wa kulia. Hautetemeki. Heri ungetetemeka, ningejua. Hata sasa ningeapa kwamba nilipiga tatu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumamosi, 10 Machi

Nilimwahi meneja kabla hajafungua mdomo. Kosa la Jumatano ni langu, si la Bosco. Kuileta boti gatini sitafanya tena. Msaidizi wangu Kamanzi ataileta. Maji ya katikati ni yangu.

Akanipa kazi ya ghala, yenye kiti na kivuli. Nikakataa. Akasema nimezeeka. Nikasema najua, na yeye anaelekea huko huko. Amenipa mwezi mmoja wa kujaribu.

Nikapitia kwa Mastaki kumwomba radhi. Alinitukana kwanza, kisha akanipa chai.

Jumatatu, 12 Machi

Asubuhi tulivu. Niliendesha hadi gati la Kibuye likaonekana. Nikamwita Kamanzi, nikamwachia usukani, nikateremka kukaa na abiria. Ningebaki pale, mikono ingeingilia.

Mama mmoja muuza samaki akasogeza kapu lake, nikakaa. Boti ikapunguza mwendo. Watu wakaanza kusimama na mizigo yao. Akaniuliza kama nami nashuka hapa.

Nikamwambia sishuki.