Sufu ya Kondoo Wetu

Kijijini, Suhag
3 Machi 1987

Kwa binti yangu Wisal,

Salamu nyingi zikufikie huko Ismailia, wewe na mumeo Raufu, na mkweo Bi Daulat pamoja na magoti yake. Sisi huku hatujambo. Kakako Shauki amepewa cheo kiwandani. Akaniambia, "Mama, ni cheo kidogo tu," nikamwambia nyamaza, kijiji kizima nimeshakiambia wewe ni meneja. Jana nimeoka mikate ya jua themanini na hakuna hata mmoja uliokataa kuumuka. Jirani yetu Ratiba akaja kuazima chachu, utadhani ni chachu na si mikono.

Sasa tuje kwako. Miaka mitano ya ndoa bila mtoto si mchezo, lakini usilie, nimeshajua kilichokupata. Ni kabsa, kifungo cha kizazi. Arobaini yako ya harusi haijaisha, yule wifi yako akakuingilia chumbani na nyama mbichi mkononi, ametoka nayo buchani. Ile damu ndiyo iliyokufunga. Na kabsa hufunguliwa, hata paka wa kijiji hiki wanajua. Njoo kabla ya Ramadhani, uvuke reli mara saba, kisha tukutie tena ndani sufu ya dawa kama ile ya mwaka wa kwanza. Bi Daulat mwambie asubiri. Mimi nimezaa saba, na tumbo la nyumba hii halijawahi kumwaibisha mtu.

Mama yako,
Mama Shauki

*

Ismailia
27 Machi 1987

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mikono. Natumai u mzima na kifua hakikusumbui. Mimi naendelea, ila nina habari.

Nimepigwa picha hospitalini. Wamenitia dawa ya rangi kwa njia ya uzazi, waone inapita wapi. Haikupita. Mirija yote miwili imeziba, kulia na kushoto. Daktari akanionyesha kwenye picha: palipotakiwa kuwa na nyuzi mbili nyeupe pana vishina viwili tu. Raufu akauliza, "Kwa hiyo hiyo ndiyo kabsa?" Daktari akasema, "Hapana, bwana. Haya ni makovu ya vidonda vya zamani." Akanigeukia: umewahi kuwekwa kitu ndani? Umewahi kupata homa na maumivu ya tumbo la chini? Raufu alikuwa amekaa pale pale. Nikasema hapana.

Lakini Mama, mimi naikumbuka ile homa. Siku kumi na moja. Wewe ulinitia ile sufu, ukaniambia ameitengeneza mkunga wetu Hajati Zanuba. Nakuomba umuulize alichanganya nini. Niandikie, nitampelekea daktari nikiwa peke yangu. Mwezi wa saba atanipasua ajaribu kuifungua, na anataka kujua anakwenda kukutana na nini.

Bi Daulat ameshanitajia binti wa ami yake Raufu. Anasema anangoja hadi Iddi Kubwa, kwa sababu kabsa hufunguka. Mama, sitaki kufua nepi za mtoto wa mke mwenzangu.

Binti yako,
Wisal

*

Kijijini
11 Aprili 1987

Kwa Wisal, roho yangu,

Salamu, na afya ije nyumbani kwako mbio. Barua yako nimeisoma.

Mirija! Kwani binti yangu ni mfereji wa shamba? Huyo daktari kijana, bila shaka hajaoa. Sufu ilikuwa sufu, safi, nyeupe kama maziwa. Homa ile ilikuwa ubaya unatoka mwilini, na ulipotoka si ulipona? Hajati Zanuba amepokea nusu ya kijiji kwa mikono yake, sitamwendea na maswali ya polisi.

Ratiba alinikuta kwenye tanuri akaniuliza, "Wisal vipi?" Nikamwambia, "Wisal ana jokofu la milango miwili." Akasema, "Na tumbo lake, Mama Shauki, lina mlango?" Nilimpa mkate wa moto ashike, akaondoka anapuliza vidole.

Nakutumia njiwa wanane kwa mkono wa Shauki. Wajaze ngano, Raufu ale wawili kila Alhamisi. Usimsikilize mtu.

Mama yako

*

Ismailia
2 Mei 1987

Mama,

Ramadhani njema.

Njiwa wamefika. Sikukuuliza habari za njiwa. Nilikuuliza mlitia nini.

Wisal

*

Kijijini
20 Juni 1987

Wisal,

Hujambo? Unakula? Hata salamu naona aibu kuzitanguliza. Mwezi mzima nimeianza barua hii na kuichana.

Hajati Zanuba hakutengeneza kitu. Nilimwendea, ni kweli, ulipokuja kututembelea ukiwa na miezi mitano ya ndoa. Alikushika tumbo, na nje ya mlango akaniambia, "Binti huyu hana tatizo. Miezi mitano tu, mwanamke wewe, mwache apumue." Lakini binti wa Ratiba aliolewa wiki moja na wewe, na tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mlangoni. Ratiba alikuwa akipita nalo mbele yangu kama bendera. Nikasema, kazi ya Zanuba nimeiona mara mia, itanishinda nini?

Sufu niliikata kwa kondoo wetu, zizini. Niliisuuza kwa maji ya mfereji. Nikasaga habasoda na vitunguu, nikatia na udongo wa kaburi la shehe, kwa baraka. Zanuba huiacha siku tatu; mimi nilikuachia tano, nikidhani zikizidi ndiyo nguvu. Homa ilipokupanda, Shauki alitaka kukupeleka zahanati. Nikamkatalia, watu wasije wakasema binti wa Mama Shauki ana kasoro.

Hukuwa na kasoro, Wisal. Ulikuwa mzima. Mpelekee daktari barua hii.

Leo hii nimemwandikia Bi Daulat pia, neno kwa neno, asije akasema nilimpa mwanawe kitu kibovu. Mkono ulioharibu ni huu unaoandika.

Mama yako, kama bado

*

Ismailia
28 Julai 1987

Mama,

Nakubusu mikono. Natumai u mzima.

Nimepasuliwa tarehe tisa. Daktari alifungua, akaangalia, akafunga. Alisema hakuna pa kushika wala pa kushona.

Barua uliyomwandikia Bi Daulat aliisoma sebuleni kwa sauti. Alipomaliza akavua miwani. "Mimi nilikuwa nangoja kizazi kifunguke," akasema. "Kumbe hakikufungwa. Kimeungua." Hakunitukana, Mama. Alinikumbatia. Nilipotoka hospitali tu, akaenda kwa ami kuposa, wala Iddi hakuingoja.

Raufu ananiambia nikae, nitakuwa mkubwa wa nyumba, watoto wataniita mama. Nikamwambia waleeni wenyewe. Niache. Amelia, kisha ameniacha.

Nakuja Alhamisi kwa treni ya asubuhi. Usije stesheni. Usiwaambie watu nimekuja kukutembelea. Ratiba akiuliza, mwambie nimeachwa, na umwambie kwa nini. Sijakusamehe. Sijui hata hufanywaje. Mshono bado unauma, siwezi kuinama, kwa hiyo nitandikie kitanda, si mkeka.

Na ukinifungulia mlango, Mama, usilie kabla yangu.

Binti yako,
Wisal