Gari Liko kwa Fundi, Baiskeli Iko Nyuma ya Mapipa

Kosa wanalofanya wengi wetu tukishafika nchi hii ni kudhani kwamba mtu asiye na gari bado hajafika. Kwa ajili ya kosa hilo watu wazima wenye akili zao hufanya mambo ambayo mtoto wa darasa la tatu angeona haya kuyafanya. Soma barua hii kwanza, halafu tuongee. Mwandishi aliomba niichape nzima, nami nimeichapa nzima. Majina ameyabadilisha mwenyewe.

*

Mpendwa Mzee Zefania, mshauri wetu,

Shikamoo. Sisi wa bara kule Kenya hatukuzoea salamu hii, lakini nimefundishwa na Mama Honorata, ambaye utamjua sasa hivi. Naomba msaada wako upesi, na kama utataka kucheka, cheka kwanza umalize, kwa sababu mimi nimecheka mpaka nimelia na sasa sijui ni kipi kati ya hivyo viwili ninachofanya.

Mimi ni msichana wa miaka thelathini na mmoja, kwetu ni upande wa Kakamega, nakaa Greenbelt mwaka wa nne sasa, na kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee isiyo mbali. Yote yalianza na picha. Mwaka wangu wa kwanza baba aliandika akaomba picha yangu nikiwa Amerika, na wewe unaijua picha ya Amerika, haiwezi kuwa na mtu peke yake, basi nikaenda kwenye maegesho ya duka nikachagua gari moja jekundu nikaliegemea kama mtu aliyelichoka, na rafiki yangu alipokuwa anapiga picha mwenye gari akatokea na mifuko yake, nikataka kukimbia, lakini yule mama wa Kizungu akacheka, akafungua mlango, akaniambia nikae kwenye usukani nipigwe vizuri, na baba ndiyo picha aliyoitia kwenye fremu akaitundika sebuleni juu ya redio.

Mzee, mimi sijui kuendesha gari. Hata kurudi nyuma sijui.

Ninachojua ni baiskeli. Niliipata kwa jirani aliyekuwa anahama, na aliyenifundisha ni huyo Mama Honorata, mfanyakazi mwenzangu, mjane kutoka Bukoba, ambaye yeye mwenyewe haipandi kwa sababu ya magoti, lakini alisimama katikati ya uwanja na yunifomu yake ya kazi kama refa, akawa anapaza sauti, "Kanyaga, mwanangu, kanyaga! Usitazame chini, ardhi ipo tu, haiendi popote!" Siku hiyo nilianguka mara tisa, na mara ya kumi sikuanguka, na tangu hapo, mzee, sijui nikuelezeje, mtu wa umri wangu, msomi wa kidato cha sita, naamka kabla ya saa kulia ili tu niende kazini, kwa sababu huku Greenbelt kuna vijia vinavyopita chini ya barabara kubwa, magari yako juu na wewe uko chini na majani mekundu, na kila nikiingia chini ya daraja napiga kigelegele ili kinirudie, na juzi nilipiga nikakuta kuna padri anatembeza mbwa.

Sasa kanisani. Kuna kaka mmoja katika ushirika wetu wa Wakenya, nitamwita Boniface, fundi wa magari kule Sterling, mpole, msafi, anaimba besi. Alipokwenda likizo nyumbani alifika kwetu kupeleka salamu, akaonyeshwa picha, akarudi akaniuliza mbele ya watu, "Dada, hiyo gari nyekundu mbona hatuioni?" na mimi, Mungu anisamehe, nikasema iko kwa fundi. Hiyo ilikuwa Machi. Leo ni Oktoba. Kila Jumapili naficha baiskeli nyuma ya mapipa ya takataka ya jengo tunalokodi, nabadilisha viatu, naingia nikichezesha ufunguo wa kufuli ya baiskeli kama ni wa gari, na kila Jumapili Boniface yupo mlangoni.

"Dada, imelazwa ama imeuzwa?"

"Inangoja kipuri."

"Kipuri gani?"

Sikujua jina la kipuri hata kimoja, nikasema, "Ile ya mbele."

"Ya mbele? Injini?"

"Mbele ya injini."

"Dada, mbele ya injini ni taa."

"Basi ni taa."

"Taa! Miezi saba! Nipe namba ya huyo fundi. Huyo si fundi, ni mwizi, na anatuharibia jina sisi wote. Nitaenda mwenyewe nimtie adabu."

Anataka kwenda kupigana na mtu ambaye hayupo. Akiniambia anipe lifti nakataa, maana baiskeli italala kanisani, nasema nimeshaitiwa mtu wa kunichukua, halafu najificha chooni mpaka waondoke wote.

Ningeendelea hivi hivi mpaka nizeeke, lakini sasa wanataka kuondoa basi la Jumapili. Ni basi moja tu linalopita mbele ya nyumba ya wazee, na Mama Honorata anatoka Columbia Heights, ambako stesheni ya treni bado wanaichimba, anapanda basi, anapanda treni, anapanda tena hilo basi letu, na likiondolewa hana njia, na msimamizi amekwisha kumwambia asiyeweza zamu ya Jumapili atafute kazi kwingine. Tuko wanawake saba tunaoitegemea zamu hiyo ya mchana baada ya ibada, wawili wa kwetu na watano wa El Salvador. Kutakuwa na kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi mwezi ujao, na wote wamenichagua mimi niseme, ati Kiingereza changu ndicho kilichonyooka. Mama Honorata amesema, "Wewe utawaambia, mwanangu, mimi nitakaa nyuma nikohoe wakikuzomea."

Kikao kitaonyeshwa kwenye televisheni ya kebo. Nusu ya ushirika wetu wana kebo. Nitasimama pale niseme mimi napanda basi na baiskeli, sina gari, sijawahi kuwa na gari, na Boniface yuko kwenye kochi Sterling ananitazama. Nisipokwenda, Mama Honorata amekwisha. Nifanyeje? Ukiona inafaa ichape yote, mzee, usikate hata neno.

Ni mimi,
Mwenye Taa ya Mbele, Greenbelt, Maryland

*

Binti yangu Mwenye Taa,

Marahaba. Nimecheka kama ulivyoniruhusu, na mke wangu amecheka, na jirani yetu aliyekuja kuazima sufuria ameondoka bila sufuria. Sasa tumekwisha kucheka. Kaa chini.

Nianze na jambo ambalo hujaliona. Unaniambia unaogopa siri yako isijulikane, halafu unaniambia niichape yote, nisikate hata neno. Umebadilisha majina, sawa. Lakini, binti yangu, ni magari mangapi mekundu ya Wakenya wa Greenbelt yaliyo kwa fundi tangu Machi kwa sababu ya taa? Anayetaka siri ikae haandikii gazeti. Ulikwisha kuamua kusema kabla hujatia barua kwenye bahasha. Ulitaka tu mtu mzima akusukume. Haya, nakusukuma.

Toleo hili linafika kwa wasomaji Jumamosi. Wewe nimekutumia nakala mapema kwa posta, kwa hiyo una siku tatu. Zitumie kumwambia Boniface wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na baiskeli ikiwa mkononi. Usimwandikie, usimtume mtu, usimwache asome hapa kama wengine. Na usiogope sana. Mwanamume aliyefuatilia gari la mtu kwa miezi saba, kila Jumapili, mlangoni, hakuwa anatafuta gari. Kama hujaling'amua hilo, basi kidato cha sita hakikukusaidia kitu. Ila atakuwa na haki ya kukasirika kwa siku mbili tatu, maana umemfanya amchukie fundi mwenzake asiye na kosa, tena asiyekuwepo. Mwache akasirike. Usijitetee.

Baba yako naye umwandikie. Picha si uongo mkubwa. Nyumba nyingi kule nyumbani zina picha za magari ya watu wengine ukutani, na yule mama wa maegesho alishiriki kwa furaha. Lakini mzazi anapowaonyesha wageni jambo lisilokuwepo, anayeaibika siku ya mwisho ni yeye, si wewe. Mtumie picha nyingine, ya baiskeli. Piga ukiwa unaiendesha, siyo umeiegemea.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, na hapa nitakukaripia kidogo. Barua yako ina kurasa nne. Tatu ni za Boniface na gari. Basi la Jumapili, ambalo ndilo mkate wa mwanamke aliyekufundisha kukanyaga, umelipatia nusu ukurasa. Wewe ukikosa basi utapanda baiskeli na kupiga vigelegele chini ya madaraja. Honorata ana magoti. Usiipime shida yake kwa miguu yako.

Nina mpwa wangu, Anna, anayekaa Toronto, Kanada. Huko kwao walikuwa na kikundi cha wapanda baiskeli na kikundi cha wapanda basi, na kila kimoja kilikwenda kwenye vikao kivyake, hawa wakidai njia za baiskeli, wale wakidai mabasi, na wakubwa wakawa wanawaambia wote wachague moja. Mpaka siku moja muuguzi na kijana wa kupeleka barua kwa baiskeli walijikuta benchi moja wakingoja zamu ya kusema, wakaulizana, wakagundua wanakaa mtaa mmoja na wanaumizwa na barabara ile ile. Tangu hapo huenda pamoja. Hawajapata kila kitu, Anna hasemi hivyo. Lakini hakuna tena anayewaambia wachague. Wewe una bahati kuliko wao: benchi lote limo ndani yako. Jumatatu ni baiskeli, siku ya theluji ni basi.

Tena ujue kwamba wakubwa utakaowakuta kikaoni si watu wabaya. Wana karatasi mbele yao, na karatasi inasema Jumapili basi lina abiria wachache. Karatasi haisemi abiria hao wanakwenda kufanya nini. Haisemi kwamba kuna mzee ghorofa ya pili ambaye Jumapili anahitaji kugeuzwa kitandani kama Jumatano, na hawezi kuambiwa angoje Jumatatu. Watu wachache hao wanabeba jengo zima. Usiposema, karatasi itasema peke yake. Na usidhani kuzungumzia kiti cha basi ni jambo dogo. Weusi wa nchi hii, kule Alabama, miaka arobaini na mitatu iliyopita, walisusia mabasi wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya kiti cha basi walichonyimwa kwa sababu ya rangi yao, wapishi na madobi wengi wao, mvua na jua, na waliokuwa na magari wakawachukua wasiokuwa nayo bila kumwuliza mtu kwa nini hana. Hiyo ndiyo nchi uliyofikia. Hapa aliyepanda basi ana historia ndefu kuliko aliyepanda gari jekundu.

Siku ya kikao fanya hivi. Vaa yunifomu yako ya kazi. Usianze kwa kuomba radhi, sisi tuna ugonjwa huo. Taja unakofanya kazi, taja saa unayoingia na saa unayotoka, sema mko saba. Mwambie Honorata asikae nyuma. Akae mbele, na utakapotaja magoti yake umwonyeshe kwa mkono. Akohoe akitaka. Wale mama watano wa El Salvador nao wasimame mahali walipo, bila kusema neno, ili kamera ipate kuwahesabu. Halafu sema bila kutafuna maneno, "Mimi sina gari." Utaona hakuna dari iliyoanguka. Dakika utakazopewa ni tatu, kwa hiyo usihadithie padri na mbwa.

Na wewe Boniface, kama unasoma, na najua unasoma: kikao ni cha wote, na anayeujua ubovu wa magari anaweza kuwaeleza wakubwa vizuri kuliko sisi ni watu wangapi wanaoshindwa kuyatunza. Kama kweli unataka kumtia mtu adabu, njoo ukae benchi la mbele. Uje na nguo safi na hasira uiache Sterling.

Mwisho, binti yangu, jambo ambalo mgeni hujifunza kwa kuchelewa. Katika vikao vya nchi hii huingii tu ukanyoosha mkono kama kwenye mkutano wa kijiji. Kuna orodha ya wasemaji, inaandikwa mapema, na ikijaa inafungwa; asiye na jina humo atakaa asikilize wenye magari wakizungumza juu ya mabasi. Mengine yote niliyokuambia yanaweza kungoja mpaka jioni. Hili haliwezi.

Leo, kabla ofisi hazijafungwa, mpigie simu karani wa kikao, umtajie jina lako halisi herufi kwa herufi, na usikate simu mpaka akusomee alichoandika.