Ukumbi Unanikonyeza

Jumatatu, 4 Juni
Nimeteleza bafuni. Goti limevimba kama boga. Tabibu kanipapasa, kaguna, eti nipumzike. Nipumzike! Barazani abaki mwanangu na waziri mkuu — yule niliyempa jina Ndiyo-Mama — wanigawane kama mkate? Nimekwenda hivyohivyo, nachechemea.

Jumatano, 6 Juni
Ndiyo-Mama naye anachechemea! Kulikoni? Eti mguu wa malkia ukiuma, na yetu inauma. Kufika mchana, mkuu wa walinzi naye. Mpishi naye — supu imeishia sakafuni. Mdogo wangu peke yake katembea wima. "Dada, siku ukifa hawa wote watajilaza chini."
Nikamuuliza nani ataamka wa kwanza. Kacheka tu. Sote tunamjua.

Jumamosi, 9 Juni
Goti limepona! Sijamwambia mtu. Nimepanda ngazi za mnara, nikashuka, nikapanda tena, nachechemea kwa madaha. Msafara mzima nyuma yangu, hoi. Ndiyo-Mama kajisahau — mara mguu wa kulia, mara wa kushoto. Nimecheka hadi nikasingizia kikohozi.

Alhamisi, 14 Juni
Leo hakuna aliyechechemea. Hata mmoja.
Nikamtazama mwanangu. Mvi kichwa kizima, na bado akisikiliza hufumba jicho la kushoto, tangu utotoni. Nikamtazama Ndiyo-Mama: jicho la kushoto, limefumbwa. Mkuu wa walinzi vilevile. Tabibu! Ukumbi mzima unanikonyeza.
Nikauliza kuna nini.
"Hakuna kitu, mama. Tumekuandalia ile nyumba ya bustanini. Kule kuna utulivu."
Tumekuandalia. Wewe na nani?

Ijumaa, 15 Juni
Asubuhi wamekuja kubeba kitanda changu. Tumewafungia mlango. Mimi na mdogo wangu tumekaa juu ya sanduku la nguo, wanawake wazima, tunacheka kama wasichana.
Kwanza Ndiyo-Mama, sauti asali tupu: gari la farasi li tayari. Nikamwambia alipande yeye.
Sasa ni mwanangu. "Mama, fungua tuongee." Si sauti ya jana. Ni ya yule mtoto aliyekuwa akiogopa radi.
"Uko na nani?"
"Peke yangu."
Uwazini, chini ya mlango, naona viatu jozi tatu.
"Waondoe hao, nitafungua."
Mdogo wangu kashika komeo, ananitazama. Viatu vya mwanangu navijua. Havijaondoka. Vimemgeukia Ndiyo-Mama, kama vinaomba ruhusa —