Kimya Changu Kisijazwe

Kitengela,
6 Machi 2006

Aabo mpendwa,

Assalaam aleikum. Kwanza nauliza mgongo wako, maana nasikia bado unabeba magunia ya sukari dukani kana kwamba kaka Hamse hana mikono. Na presha ya Mama je? Mimi ni mzima, ila vumbi la Kitengela ndilo chai yetu ya asubuhi.

Najua unangoja neno moja tu. Dada yako, Eeddo Kafiya, alipokuja kuniambia kwamba Gedi ameniposa, niliinamisha kichwa nikanyamaza. Akapiga vigelegele palepale, akarudi Kajiado kukuambia nimekubali, kwa kuwa kwetu kimya cha msichana ni ndiyo. Ijumaa wazee wa Gedi wanakuja kuchukua jibu. Lakini niruhusu kwanza nikueleze kazi yangu, maana wewe huwaambia watu kwamba bintiyo anachezea kompyuta.

Mimi na mwenzangu Parsaoti tunatengeneza lugha ya kuandikia programu, yenye maneno ya Kiswahili, kwa wanafunzi wa chuo chetu. Unaipa kompyuta agizo, nalo linataka kuelezwa mambo: agizo la kuogesha mbuzi linauliza mbuzi yupi na dawa ya kupe kiasi gani. Mtu asipotaja kiasi, lugha hujaza kile cha kawaida. Inampunguzia mtu maneno.

Shida ilianza kwenye agizo la kuandikisha mbuzi bomani. Asiyetaja boma tulitaka apewe boma tupu. Kumbe niliiandika lugha itengeneze boma hilo mara moja tu, kisha kila asiyetaja apewe hilohilo. Wanafunzi wakajaribu. Peterson akaingiza mbuzi wake wa mfano, na Nalotuesha aliyemfuata akajikuta tajiri wa mbuzi wa mwenzake kabla hajaingiza hata mmoja. Parsaoti alicheka hadi akashika ukuta, akasema kwao huo ni wizi wa mifugo, vijana wangekuwa wameshachukua rungu. Nikarekebisha, sasa kila anayeita agizo anapewa boma jipya.

Halafu tukabishana. Parsaoti alitaka kila agizo liwe na jibu la kawaida, hata la kuuza: mwenye mbuzi asiposema kitu, ihesabiwe ameridhika. Nilikataa kwa ukali hata nikajishangaa. Nilimwambia dawa ya kupe ni sawa, lakini kwa jambo lisilorudi nyuma, lugha isimame imwulize mwenyewe. Akasema watu watachoka na lugha yenye maswali. Nikasema na wachoke. Nilipoketi nilijua ukali ule haukuwa kwa ajili ya mbuzi.

Aabo, sidharau desturi yetu. Kimya kilihesabiwa ndiyo ili msichana mwenye haya asilazimishwe kutamka. Lakini jibu la kujaziwa ni la asiyesema. Aliyesema, neno lake ndilo linaloshika. Siku ile nilinyamaza kwa woga, sikuwa nimeridhika. Gedi ni mtu mwema, na simtaki. Najua utaona aibu mbele ya wazee wake, na hilo linaniuma sana. Hata hivyo jibu langu ni hapana.

Mpe Mama pole na salamu. Eeddo Kafiya nimemtumia nyingi, hata akizikataa. Alhamisi nakuja nyumbani, ili wageni wakifika Ijumaa lawama isikuangukie peke yako. Jibu hilo nitalisema mwenyewe, kwa sauti, wewe ukiwa umeketi kando yangu ukipenda.

Ni mimi bintiyo,
Ugbad