Mama Hajui Kiswahili

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na watoto, na zikukute umekaa. Nasisitiza hilo la kukaa. Mimi huku mwili ni mzima, nakula na nashona kama kawaida, ila moyo haujarudi mahali pake tangu Ijumaa. Ningekupigia simu, lakini nakujua: ungenikatisha kabla sijafika katikati, ukaanza kutoa amri. Basi soma hadi mwisho, ndipo ukasirike.

Nilipata ujumbe wako kwamba chumba cha nyuma ya jiko kimeshapakwa rangi, na kwamba mwisho wa mwezi utakuja kumchukua Mama, nyumba ifungwe na funguo ukae nazo wewe. Nilikubali, sikatai. Nani asingekubali? Kila Jumanne na Ijumaa anapotea kutwa nzima. Leo anasema alikuwa kliniki, kesho anasema alikuwa kwenye maombi. Tena mama wa dukani alituapia kwamba amemsikia kwa masikio yake, Mama kainamia beseni la nguo anaongea peke yake maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Tukasema basi, akili ya Mama imeanza kwenda. Nililia usiku ule, na najua wewe pia ulilia, japo ulijifanya una mafua.

Sasa nisikilize. Bosi wetu wa karakana alikuwa ametuahidi sisi mafundi wa sare safari ya mji mkuu, kutembea na kununua vitu vya mikono. Tulidhani ni ahadi za mabosi tu, kumbe mara hii alimaanisha. Ijumaa tukaondoka, tumejipamba utadhani tunakwenda kuolewa. Jengo la Bunge tuliliona kupitia nondo za uzio, askari akatufukuza. Tukapelekwa kwenye sanamu ya mtu aliyenyoosha mkono, kila mmoja akapiga picha kanyoosha wake. Lakini makumbusho ndiyo yaliyotumaliza. Wameweka pasi ya mkaa ndani ya kioo, wakaandika eti watu wa kale waliitumia kunyooshea nguo. Kaka, pasi hiyo hiyo ndiyo ninayopigia sare kila umeme ukikatika! Tulicheka hadi mlinzi akatuomba tutoke nje.

Mchana tukaingia soko la vitu vya mikono. Ni jengo refu la mabati, vikapu vimening'inia hadi darini, vinyago vimepangwa sakafuni hata huoni pa kukanyaga, na wauzaji kila mmoja anakuita dada kana kwamba mmezaliwa tumbo moja. Nilitaka kumnunulia wifi kikapu. Mtembezaji wetu, bwana mmoja mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, akasema tusinunue kwanza, tupite ukumbi wa nyuma ambako wasusi na wachongaji wanafanya kazi huku wageni wanawatazama. Alisema humo yumo bibi wa ajabu aliyetoka mbali sana, hajawahi kuingia darasani, hajui Kiswahili hata neno moja, na lugha yake imebakiwa na wasemaji wawili tu dunia nzima: yeye mwenyewe na mzee mchongaji anayekaa mkabala naye. Akatuomba tuingie kwa heshima.

Nikaingia kwa heshima. Nikamkuta Mama.

Sisemi mtu anayefanana na Mama. Nasema Mama, aliyekuzaa wewe akanizaa mimi. Kajifunga shuka jekundu begani, miguu peku, shanga zimemjaa shingoni, anasuka kikapu huku watalii wamechuchumaa mbele yake na kamera zao. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili! Mwanamke aliyekuwa akituzuilia sahani mezani hadi turekebishe sentensi! Nilishika nguzo, mwenzangu akaniuliza kama nimepandwa na presha.

Mama akainua uso, macho yetu yakagongana. Hakushtuka hata kidogo. Alinitazama vile vile alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyechelewa, kisha akatamka kwa sauti ya utulivu, mbele ya umati wote: “Zanyama, tomto.”

Mtembezaji akainamisha kichwa, akatutafsiria kwamba bibi anatubariki sisi na vizazi vyetu.

Kutubariki! Kaka, si unakikumbuka kinyume? Ule mchezo wa kuchukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele, aliotufundisha Mama mwenyewe ili tusemezane siri wageni wakiwepo? Mama alikuwa ananiambia nyamaza, mtoto. Lugha inayokufa ni kinyume chetu cha jikoni! Yale maneno aliyokuwa akiongea na beseni, alikuwa anafanya mazoezi.

Kabla sijameza mate, yule mzee mchongaji naye akauliza, “Nina yuhu?” Yaani, nani huyu. Mama akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye ukili wa kikapu chake: “Ngumwana.” Mwanangu. Mzee akaangusha patasi. Watalii wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mimi nilikuwa siwezi kucheka wala kulia. Nikauliza bei ya kikapu kupitia mtembezaji, nikaomba punguzo kwa mama yangu mzazi, naye akatikisa kichwa. Hakunipunguzia hata senti.

Niliwadanganya wenzangu kwamba tumbo linaniuma, nikamvizia mlango wa nyuma. Alitoka na gauni lake la kitenge, miwani na mkoba. Nikapayuka kwamba hii mambo gani, naye kabla ya kujieleza akanirekebisha: ni mambo gani haya. Hapo ndipo nilipojua kwamba akili yake haijaenda popote.

Akanieleza kwamba alifika pale mara ya kwanza na wastaafu wenzake, akachoka kutembea, akaketi kando ya wasusi. Mikono ikawasha, akachukua ukili akasuka. Mgeni mmoja akamuuliza anatoka kabila gani, mtembezaji akatunga jibu, na Mama kwa utani wake akaongeza kinyume. Watu wakafurahi, msimamizi wa ukumbi akamwomba arudi, na mzee mchongaji akafundishwa kinyume ili apate wa kujibizana naye. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyetukataza uongo. Akasema yeye hajasema uongo hata siku moja. Anayesema ni mtembezaji, yeye anasuka.

Nikamuuliza kwa nini, ana nini anachokikosa. Akasema kwamba pale ukumbini watu wanakaa chini kumsikiliza, wanamuuliza maswali, wanangoja jibu. Nyumbani sisi tunamuuliza swali moja tu, kama amemeza dawa. Nilijitetea, lakini nilikuwa najitetea bure. Akaniambia pia kwamba siku nilipoweka simu yako kwenye spika, nikidhani amelala, alisikia kila kitu. Alisikia tukipanga nani atachukua kabati, nani redio, na yeye apelekwe wapi. Alisema alihisi kama naye ni kimoja katika vile vyombo. Niliona aibu, Kaka. Bado ninayo.

Sasa ndipo penyewe, na ndiyo maana nilikuomba ukae.

Nilimwambia twende kituoni turudi nyumbani. Akanishika mkono, tukapita uchochoro nyuma ya soko hadi kwenye vyumba viwili vyenye ua mdogo uliojaa maranda ya mbao. Kwenye kamba nikaona khanga yake ya kijani. Ndani, juu ya rafu, dawa zake zimepangwa vizuri, na vitabu vyake ambavyo tulidhani amevigawa. Nikauliza hapa ni kwa nani. Akasema ni kwake. Mlangoni akatokea yule mzee mchongaji, kaosha mikono, kavaa shati safi, akaniambia “bukari” badala ya karibu, kwa woga, kisha akajirekebisha.

Wameoana, Kaka. Ofisini kwa mkuu wa wilaya, kwa vyeti na mihuri, mashahidi wao wakiwa mtembezaji na muuza shanga. Mama yetu ana mume. Nilikaa chini juu ya maranda, nikacheka, nikalia, kisha nikanywa chai yao kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Ni mtu mpole, mjane. Anamsikiliza Mama akiongea hadi mwisho, kitu ambacho mimi na wewe hatujafanya kwa miaka.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakutuambia. Akasema mimi angeniambia wakati wowote. Anayemwogopa ni wewe. Mama, Kaka! Aliyekuwa akiinua kidole tu darasa zima likakaa kimya, anamwogopa mtoto wake mwenyewe. Alisema anaogopa utamchukulia kuwa mgonjwa, umbebe hivyo hivyo, na asiwe na mtu wa kumsadiki, kwa kuwa kila atakalosema litakuwa ushahidi kwamba amechanganyikiwa. Hilo ndilo lililonishtua kuliko shuka jekundu na shanga. Kama nisingeingia ukumbini kwa miguu yangu, hata mimi nisingemsadiki.

Amenituma nikuulize jambo moja, nalo nakuuliza kama alivyolisema: mwisho wa mwezi unakuja kumchukua, au unakuja kumwona? Ukija kumwona, chakula kitakuwepo. Ukija kumchukua, amesema utamkuta, lakini atakuwa hajui Kiswahili.

Nisalimie wifi, mwambie kikapu chake kipo. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu sana. Na mumewe naye anakusalimu. Nilitaka kuandika neno lingine hapo badala ya “mumewe”, lakini mkono umegoma, nikaona nikuachie wewe ulitafute.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere