Waya Kando ya Mto

Jumamosi, 3 Mei

Nimeoga mara tatu na bado nanuka damu. Ya Twiga, mwenzangu wa mbio, si yangu.

Tulikuwa tunakimbia vizuri jamani! Chini ya maporomoko, mto kushoto, msitu kulia, njia yenyewe upana wa mabega. Twiga mbele kama kawaida — miguu ile Mungu alimpa ya watu wawili. Mara akapaa. Nikadhani mzaha. Kumbe kaingia kwenye mtego. Mti uliopindwa ulifyatuka, waya ukamkaza juu ya kisigino, akaning'inia kichwa chini huku akigonga mizizi. Niliuona mfupa. Mweupe pee.

Nikaulegeza ule waya kwa vidole mpaka kucha mbili zikang'oka. Nikambeba mgongoni kupanda hadi barabara ya doria, na njia nzima ananitukana. Mara miguu yangu mizito, mara namtikisa kama gunia. Aliponyamaza ndipo nilipoogopa.

Mbio za hifadhi zimebaki wiki tatu.

Jumapili, 4 Mei

Mguu wameuokoa. Mshipa mkubwa wa kisigino umekatika wote. Daktari kasema atatembea, habari za kukimbia tusahau. Twiga akacheka, akamwambia basi ampe mguu wake yeye, kwani anautumia kwa lipi? Daktari alipotoka, Twiga akanirushia kikombe. Kikanipata kwenye paji la uso. Akafuatisha kisahani. Sikukwepa. Miaka sita tunakimbia pamoja — amrushie nani mwingine?

Kaka alikuja na sare zake za hifadhi, ule waya mkononi. Waya wa breki ya baiskeli, amesema. Mwaka jana majangili walimuua mwenzake waliyekuwa wakilala hema moja, na tangu hapo kaka hacheki. Mama akamuuliza huyo mtega waya akipatikana itakuwaje.

"Nikimpata mimi, mama, hafiki kituoni."

Mama akajifanya anatafuta miwani. Alikuwa ameivaa.

Jumanne, 6 Mei

Kazini nimeharibu lenzi mbili za miwani. Mashine inasaga, mimi naona mfupa. Bosi kauliza kama nataka wateja wetu waione dunia kupitia kitako cha chupa. Nikacheka. Nikazidi kucheka mpaka akarudi nyuma hatua.

Nimenunua koleo la kukata waya.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekimbia peke yangu kabla ya kazi. Mitego kumi na moja! Yote nimeikata na kuitupa mtoni.

Wa nane ulikuwa na swala, mdogo, bado hai. Alikuwa amejizungusha pale mpaka mguu umebaki ngozi tu. Simu haishiki kule chini. Nikaokota jiwe. Pigo la kwanza halikutosha, wala la pili.

Saa tatu nilikuwa dukani nampimia bibi mmoja fremu, namwambia hii inampendeza. Kinachonitisha si damu. Ni kwamba pigo la tatu lilikuwa rahisi.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Nilimkuta amechuchumaa njiani anafunga kitanzi. Kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, kitambaa puani, panga ubavuni. Nilipaswa kugeuka. Nikamwambia, "Kwa hiyo mtega waya ni wewe." Akainuka na panga lake.

Nikakimbia. Sijawahi kukimbia hivyo! Namsikia nyuma anahema kama ng'ombe, mimi naruka mizizi, naruka mawe, na laiti njia ingekuwa nzima ningemwacha mbali. Mvua za juzi zimeila. Mbele maji, kulia ukingo. Nikageuka. Akashusha panga, nikakinga kwa mkono — limenichana kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Sikusikia maumivu, nilisikia joto tu. Nikampiga koleo la uso. Kitu kikavunjika. Akapepesuka, akadondoka kwenye miamba chini, mguu wake ukalia kama kuni kavu. Panga likachukuliwa na maji.

Hapo ingekuwa imetosha. Lakini nilishuka. Nikampiga begani. Nikampiga tena.

"Dada, basi! Dada, ni mimi!"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikampiga mara moja zaidi.

Kisha nikamvua kofia na kitambaa. Muuza nyama wa kona ya mtaa wetu! Huyuhuyu anayemchagulia mama nyama laini kwa sababu ya meno yake. Huyuhuyu aliyelibeba jeneza la baba, mbele, upande wa kushoto, akilia kuliko sisi.

Nikamburuta hadi chini ya mwamba, pakavu. Nikamwachia chupa yangu ya maji. Nyumbani nimesema nilianguka. Nikimwambia kaka, atamuua. Nisipomwambia, atakufa mwenyewe. Na kuna sehemu yangu — iko hapa, naiona — inayosema aonje kwanza.

Jumapili, 11 Mei

Bucha imefungwa. Mkewe alikuja kwetu, leso ameizungusha vidoleni mpaka imekuwa kamba. Kamuuliza mama kama tumemwona mumewe, hajalala nyumbani. Mimi ndiye nilimpa chai. Akautazama mkono wangu uliofungwa, akaniambia pole mwanangu. Pole!

Nikatoka kwa kisingizio cha mazoezi. Uji kwenye chupa, dawa za maumivu, bandeji. Kila hatua kidonda kinapiga kama moyo wa pili.

Yu hai. Mguu umevimba, umekuwa mweusi, pua imelala upande. Nilimnywesha uji kama mtoto. Nikamuuliza kwa nini.

"Wateja wanataka nyama, dada. Mbuzi wako wapi siku hizi?"

"Kwa hiyo unawauzia watu nyama ya porini?"

"Hata kwenu mnakula. Miezi minane sasa. Mama yako anaisifu."

Nikaupiga teke ule mguu. Ndiyo. Nimeandika. Alipiga ukelele, ndege wakatoka mitini ng'ambo ya mto. Kisha nikakaa chini nikaufunga vijiti na bandeji, taratibu, nikimwomba radhi kila nikivuta. Mchana mama alikuwa amepika supu ya nyama iliyobaki. Alisema laini hivi haijawahi kutokea. Nilimeza.

Yule wa mwambani nimemwahidi nitaleta watu. Akasema nilete yeyote, lakini si kaka yangu.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika chooni, ofisi ya geti la hifadhi. Nimefunga komeo.

Asubuhi nilikwenda hospitali kutafuta gari la wagonjwa. Wakasema ndani ya hifadhi haliingii bila kibali cha askari. Nikatoka nje — kaka huyo, ameegesha mlangoni! Alikuwa amekuja kumwona Twiga. Akanishika ule mkono, akafungua bandeji bila kuomba ruhusa. Akautazama mshono nilioufanya mwenyewe.

"Ulisema ulianguka."

"Nilianguka."

"Juu ya panga?"

Akanifungulia mlango wa gari. Njiani nikaongea yote. Nani ni nani, mguu, uji, mwamba. Nilimwambia mtu mwenyewe ni yule aliyembeba baba. Nilidhani neno hilo litamlegeza. Akabadilisha gia tu.

Hapa getini amewatuma wenzake wote upande wa kaskazini, eti kuna moshi. Nimetazama, hakuna moshi. Nimemwambia tuchukue machela, iko pale ukutani.

"Ya nini?" akasema.

Sasa anajaza mafuta. Namsikia akipiga mluzi — kaka yangu, ambaye hapigi mluzi tangu mwaka jana. Gari litalazimika kuzunguka kwa daraja la juu. Njia ya mto inakata moja kwa moja. Viatu ninavyo miguuni. Mkono unavuja tena.

Ananiita. Mara ya kwanza kwa upole.

Nikifika kabla yake sijui nitafanya nini. Nitamlalia juu yule mtu kumkinga, labda. Mimi, niliyempiga alipokuwa chini.

Ananiita tena. Anagonga. Dirisha hili linaangalia mtoni, dogo, lakini mimi nami si mnene —