Mhopi wa Marehemu

Ijumaa, Konde

Nimeung'oa mhopi wa marehemu mume wangu. Aliutoa Moshi ili maua yake yaitie uchungu bia aliyotaka kuipika nyumbani, lakini haukuwahi kuchanua. Nilihofu majirani wangeutambua, jina lake lichafuke naye yumo kaburini.

Bi Asha, jirani aliyeumwagilia maji tangu msiba, alinikuta na jembe.

"Mwalimu, mti wa marehemu waung'oa?"

"Ulikuwa wa pombe, Bi Asha. Nisamehe, sikukwambia."

"Najua. Kanambia mwenyewe. Nikamwambia ntamuomba Mungu usichanue, akacheka."

"Na bado ukaumwagilia?"

"Maji ni haki ya jirani."

Nilitamani kuurudisha ardhini. Lakini mizizi nilikwisha kuikatakata, kwa uangalifu mkubwa, nisiache hata mmoja.